Kwa vijana mnaopanda Kibo, kilele cha Kilimanjaro: barafu, wanasayansi na fedha zao

Wanangu waongozaji, wapishi na wagumu, wabeba mizigo wa mlimani,

Jumamosi ile mlipokuja kwangu kunywa mbege nilisikiliza kuliko nilivyosema. Ugomvi wenu mliushusha mlimani pamoja na mizigo: mgeni mmoja alitokwa machozi alipoiona barafu, mwenzake akamcheka, akasema wanasayansi walituambia itakuwa imekwisha kufikia 2020 na bado ipo, kwa hiyo habari yote ya tabianchi ni mradi wa kula hela. Kata ya mbege haijazunguka mara tatu, nanyi mmeshagawanyika. Nasikia wawili wenu hadi leo hawataki kupangwa safari moja.

Naanza na yule aliyecheka, maana ana hoja. Mwaka 2000 Lonnie Thompson wa Chuo Kikuu cha Ohio State, Marekani, alipanda na mitambo ya kutoboa barafu. Mwaka 2002 yeye na wenzake wakaandika kwamba tangu 1912 barafu ya Kibo imepungua kwa asilimia 80 hivi, kutoka kilomita za mraba zipatazo 12 hadi chini ya 3, na kwamba kwa mwendo ule ingetoweka kati ya 2015 na 2020. Mwaka haujaisha tangu mpite pale. Ipo. Utabiri ule haukutimia, na mwongozaji anayezunguka jambo hili mbele ya mgeni anajiaibisha bure.

Lakini humo mna mambo mawili. Upungufu wa tangu 1912 ni kipimo. 2020 ilikuwa makisio. Fundi akikuambia mchwa wamekula nusu ya boriti na nyumba itaanguka kabla ya Krismasi, Krismasi ikapita nyumba imesimama, mcheke kwa habari ya Krismasi. Boriti utapanda kuiangalia.

Sasa lipo ambalo mgeni yule hakuwaambia. Waliombishia Thompson kwa nguvu zaidi hawakuwa wanasiasa wala watu wa mafuta. Walikuwa wapima barafu wenzake. Mwaka 2004 Georg Kaser wa Innsbruck, Austria, na wenzake waliandika kwamba barafu ya Kibo haiondolewi hasa na joto la hewa. Huko juu hewa kwa kawaida iko chini ya sifuri. Kilichoiponza ni ukavu ulioingia Afrika Mashariki yapata 1880: mawingu yakapungua, theluji mpya ikawa haba, jua likaila barafu, nyingine ikigeuka mvuke bila hata kuwa maji. Kuta zile mnazopita, zilizosimama wima kama zimepasuliwa kwa msumeno, ndiyo kazi ya jua hilo. Na Hans Meyer, yule Mjerumani, aliporudi mwaka 1898, miaka tisa tu baada ya kufika kileleni, alikuta barafu imeshasogea nyuma. Reli ilikuwa haijafika Moshi.

Je, Kaser anapinga kwamba dunia inapata joto? La hasha. Ni miongoni mwa waandishi wa ripoti za lile jopo la kimataifa la tabianchi, IPCC. Mwaka 2007 yeye na mwanasayansi mwenzake, Philip Mote, waliwaambia watu waziwazi kwamba Kibo ni mfano mbaya wa jambo la kweli, na kwamba ushahidi wa joto uko kwenye barafu za kwingineko. Huyohuyo anasema alionya mwaka 2006 kuhusu sentensi ya ripoti ya jopo hilo iliyodai barafu ya Himalaya ingeweza kwisha kufikia 2035. Hakusikilizwa, ikachapishwa, na Januari 2010 jopo likakiri kosa. Waliompuuza walistahili fedheha ile. Ila niambieni: genge la walaji hela linamwachaje mtu wake akanushe tishio tamu kuliko yote, lile la barafu ya Kibo, iliyopamba kalenda nusu ya dunia?

Fedha, basi. Ndiyo, wanalipwa. Nami nililipwa miaka thelathini kufundisha jiografia, na hakuna aliyesema nimebuni ikweta. Mkitaka kufuata hela, ifuateni hadi upande wa pili pia: kampuni ya mafuta ya Exxon ililipa wanasayansi wake, na tangu miaka ya 1970 wakaiambia kwamba kuchoma mafuta kutaongeza joto duniani. Hadharani kampuni iliendelea kupanda shaka kwa miaka mingi. Richard Muller, mwanafizikia wa Berkeley, alikuwa na mashaka na vipimo vya wenzake vya joto la dunia, na sehemu ya fedha za kuvikagua ilitoka kwenye wakfu wa Charles Koch, tajiri wa mafuta. Mwaka 2012 akaandika kwamba joto ni la kweli na karibu lote limeletwa na binadamu. Aliyemlipa sidhani kama alifurahi.

Kinyongo chenu kimoja sikipuuzi. Nikiwa kijana nilibeba masanduku ya watafiti fulani kutoka nje hadi chini ya barafu, mgongo ukachubuka. Niliomba wakishapata majibu wanitumie hata ukurasa mmoja. Nangoja hadi leo. Mtu akichota kwako akaondoka kimya, watu watajaza wenyewe ule ukimya wake, na hawataujaza kwa mema. Wapimaji wajilaumu kwa hilo.

Ila msiwe kama Cooley. Johannes Rebmann, mmisionari Mjerumani, alipoiona theluji hii mwaka 1848, mwongozaji wake, mtu wa kazi yenu, alimwambia kile cheupe ni “baridi”. William Desborough Cooley, mwanajiografia wa London ambaye hakuwahi kukanyaga huku, akakataa kwamba theluji inaweza kukaa karibu na ikweta, akasema macho ya Rebmann yamemdanganya. Akang'ang'ania hivyo miaka mingi.

Na wakati mnagombania barafu, kumbukeni maji ya mifongo yetu, mifereji ya mashambani, yanatoka zaidi kwenye mvua na ukungu wa msitu kuliko kileleni. Moto wa Oktoba 2020 mliuona. Kuhusu kuzima jiko vizuri sihitaji kumnukuu profesa.

Ninayo picha niliyopigwa 1987 kando ya barafu ya Furtwängler, nimeshika fimbo, ukuta wa barafu ukinizidi kimo mara nyingi. Nyuma niliandika kwa penseli nilisimama jiwe gani. Nawaomba ninyi wawili msioongea mpite nyumbani muichukue kabla ya safari ijayo. Mmoja asimame, mwenzake apige.

Babu yenu,
Marangu