Ligamenti ya goti haishonwi kama suruali

Mhariri, naomba kanafasi kidogo. Vijana wa mchangani wakiumia goti utasikia "nimekata ligamenti naenda kushonwa", jamani ligamenti ni ukanda mgumu unaofunga mfupa kwa mfupa, na ile ya ndani ya mbele, ACL, mara nyingi haishonwi, wanakutengenezea mpya kwa kano yako mwenyewe, ile inayoshika msuli kwenye mfupa, wanaichukua chini ya pia ya goti au nyuma ya paja, wanaipitisha kwenye matundu waliyotoboa mfupani huku wakiangalia kwa kamera ndogo. Ya pembeni upande wa ndani mara nyingi inapona yenyewe bila kisu. Na hata ACL, kama huchezi mpira, fizio, yaani mazoezi ya tiba, ya maana inaweza kukutosha. Mi nilifanyiwa, nikarudi uwanjani baada ya miezi 5 badala ya kusubiri angalau 9, ikakatika tena, kiherehere changu tu.

Mchezaji mstaafu, Temeke