Risala ya Wanafunzi wa Zamani wa Historia ya Maigizo kwa Mgeni Rasmi, Hafla ya Kumuaga Profesa Wetu, Kampala

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Profesa wetu mpendwa pamoja na familia yako,
Wazee wetu wa jukwaani,
Wahadhiri, wanafunzi, mabibi na mabwana,

Tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetukutanisha salama. Nawe Mheshimiwa, tunakushukuru kwa kuacha shughuli zako ukaja kukaa nasi. Karibu sana.

Sisi ni watu waliopita mikononi mwa Profesa. Wapo kati yetu walimu wa sekondari, watangazaji wa redio na waongozaji wa michezo ya jukwaani, na wapo wazazi ambao watoto wao nao wamefundishwa na Profesa huyuhuyu. Leo tunamuaga anapostaafu.

Historia aliyotufundisha tutaipitia kwa haraka. Mwaka 1954 mwandishi wa tamthilia Wycliffe Kiyingi aliunda kikundi cha waigizaji Waafrika. Mwaka 1959 ukafunguliwa Ukumbi wa Taifa wa Maigizo hapa Kampala, na Novemba 1962, uhuru ukiwa na mwezi mmoja tu, wanafunzi wa Makerere wakaigiza humo tamthilia ya Ngũgĩ wa Thiong'o. Mwaka 1965 Makerere ikaanzisha kikundi cha maigizo cha kusafiri, kikawapelekea wananchi michezo huko waliko bila kiingilio. Kisha ikaja miaka ya Amin. Byron Kawadwa, mkurugenzi wa Ukumbi wa Taifa, alikamatwa na kuuawa mwaka 1977 baada ya kurudi kutoka FESTAC, tamasha la sanaa na utamaduni wa watu weusi lililofanyika mjini Lagos. Robert Serumaga, mwandishi na mwigizaji wa tamthilia, alifia Nairobi mwaka 1980. Rose Mbowa, aliyelea idara ya muziki, ngoma na maigizo pale Makerere, alituacha mwaka 1999.

Mheshimiwa, sehemu kubwa ya historia hiyo haikuchapishwa. Michezo mingi ya Kiganda iliigizwa kutoka kwenye madaftari ya mkono, na mwandishi akifa au akikimbilia uhamishoni, daftari hupotea. Profesa alilitambua hilo mapema, ndiyo maana utafiti wake ulifanyika barazani kwa watu. Alikaa na waigizaji wazee, akawarekodi kwenye kaseti, akaomba miswada, mabango, picha na vijikaratasi vya ratiba za maonyesho. Wengi wa wazee hao wamekwisha kutangulia mbele ya haki. Sauti zao zimebaki kwenye kaseti hizo.

Kuhusu mafanikio, kikundi chetu kimepiga hatua kubwa mno. Tumeandika rejista ya masanduku yote yenye kaseti na karatasi alizokusanya Profesa. Tumefanya vikao vya kusoma tamthilia kwa sauti mbele ya vijana. Tangu Baraza la Mawaziri lilipoidhinisha mwaka 2022 kwamba Kiswahili kifundishwe kwa lazima shuleni, walimu wa Kiswahili wamekuwa wakitujia kuomba maigizo mafupi ya darasani, na hakuna aliyeondoka mikono mitupu. Tunathubutu kusema hakuna kikundi nchini kilichofanya kazi kubwa kama hii kwa mfuko mdogo kama wetu.

Sasa, Mheshimiwa, tuingie kwenye jambo lililotufanya tukuombe uje wewe mwenyewe.

Masanduku hayo hayana pa kukaa. Miaka yote yamehifadhiwa katika ofisi ya Profesa, na ofisi hiyo anatakiwa kuikabidhi mwisho wa mwezi huu. Tayari dari linavuja. Kampala ina misimu miwili ya mvua kwa mwaka, na kila msimu tunasogeza masanduku kutoka ukuta mmoja hadi mwingine. Mchwa wamekwisha kuingia kwenye yale ya chini. Kaseti nazo haziwezi kungoja, kwani utepe unaofyonza unyevu huota ukungu, hunata, na ukichezwa katika hali hiyo huweza kukatika ukaenda na maneno yaliyomo. Na moto ulioteketeza Jengo Kuu la Makerere Septemba 2020 ulituonyesha sote kwamba karatasi isiyo na nakala ni karatasi inayosubiri ajali.

Ombi hili si jipya. Kwa heshima zote, tunasema lilisomwa hadharani mbele ya wageni rasmi waliokutangulia katika kiti hicho. Mmoja alituahidi chumba kabla ya mwaka kwisha. Tulimpigia makofi, tukamwandikia barua ya shukrani, na mwaka ukaisha. Mwingine aliweka jiwe la msingi na kupiga nasi picha. Jiwe lipo hadi leo, majani yamelifunika, na juu yake hakuna tofali hata moja. Wa tatu alituomba tuandike mchanganuo, tukauandika. Alipotutaka tuuandike upya, tukauandika upya. Hatuna chuki na yeyote, Mheshimiwa, na majukumu ya viongozi tunayajua. Lakini ahadi ni deni, na hapa wadai halisi ni wazee waliotukabidhi sauti zao. Kila mmoja wao alimuuliza Profesa swali lilelile: mtaziweka wapi? Mpaka leo Profesa hana jibu la kuwapa.

Kwa hiyo safari hii hatuombi jengo. Tunaomba chumba kimoja kikavu, kisichovuja, chenye mlango wa chuma na umeme wa uhakika. Tunaomba makabati ya chuma yaliyoinuliwa kutoka sakafuni, skana ya karatasi, kompyuta, diski za kuhifadhia nakala na mashine nzima ya kuchezea kaseti, maana yetu imekufa. Kazi ya kunakili tutaifanya wenyewe kwa kujitolea, zamu zimekwisha kupangwa. Makisio ya fundi na bei za vifaa vimo ndani ya bahasha ambayo mwenyekiti atakukabidhi.

Tunakuomba pia, ukisimama kuzungumza, utuambie jina la ofisa tutakayemfuata Jumatatu asubuhi, na tarehe. Ikiwa jambo hili liko nje ya uwezo wako, tafadhali utuambie leo hii, ili tuanze kugawana masanduku majumbani kwetu kabla ofisi haijafungwa.

Profesa, ahsante kwa kila kipindi na kila kaseti.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunaomba kuwasilisha.

Katibu, kwa niaba ya Kamati ya Maandalizi