Habari kamili za wifi

Tanga, 22 Juni 2025

Shoga yangu mpenzi,

Juzi uliponiuliza kwenye simu wifi anaumwa nini nikakujibu "tezi" tu, usidhani nilikuficha. Mama alikuwa kakaa kando yangu, na machozi yalikuwa karibu. Leo nimekaa barazani na daftari langu nikuandikie vizuri, maana wewe ulikuwepo ule usiku na una haki ya kujua.

Unakumbuka Machi 2016? Mtoto alitoka salama, kondo likagoma, na damu ikamtoka mpaka khanga zote tulizobeba zikaloa. Mikono yake ilikuwa ya baridi, midomo imepauka kabisa. Damu ya kumwongezea ilipopatikana alikuwa hajitambui. Alfajiri alipofumbua macho tulisujudu kwa shukrani, tukasema yamekwisha.

Hayakuwa yamekwisha. Usiku ule kuna kitu kilikufa ndani ya kichwa chake, na sisi tukakaa miaka tisa tunamlaumu yeye.

Kitu chenyewe kinaitwa pituitari. Ni tezi ndogo kama punje ya njegere, uzito wake kama nusu gramu, imening'inia chini ya ubongo nyuma ya pua, ndani ya kishimo cha mfupa. Juu yake kuna sehemu ya ubongo inayoitwa hipothalamasi. Daktari alinieleza taratibu, nami nilielewa nilipokumbuka mashamba ya mkonge ya baba zetu. Hipothalamasi ni meneja, yuko ofisini. Anajua joto la mwili, njaa, kiu, hofu, usingizi, lakini hashuki shambani. Akitaka kazi ifanyike anatuma agizo kwa mnyapara, na mnyapara ndiye pituitari. Mnyapara naye anapiga kengele kwa wafanyakazi: thairoidi, ile tezi ya shingoni, tezi mbili zilizokaa juu ya figo kama kofia, na ovari. Kila mmoja ana kengele yake. Wakishatoa homoni ya kutosha, habari inarudi juu kwa njia ya damu, na wakubwa wote wawili wanapunguza sauti. Ikipungua, wanapiga tena. Hivyo ndivyo mwili unavyojisawazisha usiku na mchana, wewe hujui lolote.

Sasa mwanamke akiwa mjamzito, mnyapara huyu hunenepa, hasa zile chembe zake zinazotengeneza prolaktini, homoni ya maziwa. Hunenepa, lakini chumba chake cha mfupa ni kilekile, na damu inayomfikia upande wa mbele hupita kwenye vishipa vyembamba vyenye msukumo mdogo. Mama akivuja damu nyingi, presha ikaporomoka, yeye ndiye wa mwanzo kukosa. Anakufa kwa ukame. Aliyeueleza ugonjwa huu vizuri ni daktari Harold Sheehan, mwaka 1937, alipokuwa katika hospitali ya wazazi ya Glasgow kule Uskoti. Ndiyo maana unaitwa kwa jina lake. Nilipoambiwa huo mwaka nilinyamaza. 1937! Bibi yetu alikuwa bado mwari.

Na dalili zote tuliziona kwa macho yetu. Maziwa hayakutoka hata tone. Wewe mwenyewe ulimkorogea uji wa pilipili manga, mama akapika supu ya pweza, tukamkanda, tukamlazimisha anyonyeshe huku mtoto analia. Shangazi akasema hataki kunyonyesha, anaogopa matiti kulala. Arobaini ikapita, miezi ikapita, hedhi haikurudi. Nywele za kwapani alizonyoa kabla ya kujifungua hazikuota tena, jambo ambalo aliona aibu kumwambia mtu. Akawa anahisi baridi hapahapa Tanga, Februari, kajifunika khanga mbili na sweta. Akawa mzito wa kusema, mzito wa kuamka, ngozi imefifia. Sisi tukasema mvivu. Wengine wakasema karogwa, akapelekwa huku na huku akafukizwa na kunyweshwa. Kaka akashauriwa aoe mwingine. Shoga, mimi nilikuwemo katika walioshauri. Naliandika hili kwa mkono wangu ili lisifutike.

Si kwamba hakupelekwa hospitali. Miaka minne iliyopita kuna mahali alipimwa thairoidi, majibu yakasema iko sawa, akarudishwa nyumbani na vidonge vya kuongeza damu. Hapa ndipo ninapotaka unielewe. Kipimo walichofanya ni TSH peke yake, na TSH si homoni ya thairoidi. TSH ni kengele ya mnyapara. Mfanyakazi akiwa mbovu, mnyapara hupiga kengele kwa nguvu, TSH inapanda, na daktari anaona tatizo. Lakini mnyapara akiwa ndiye maiti, shamba limelala na kengele iko kimya, na karatasini ule ukimya unaweza kusomeka "kawaida". Ilitakiwa wapime na homoni yenyewe, thairoksini. Safari hii walipima vyote viwili: thairoksini iko chini kabisa na TSH haijashtuka. Daktari kijana aliyesimama naye akamuuliza swali moja tu: "Mama, ulipojifungua, ulitokwa na damu nyingi? Maziwa yalitoka?" Wifi akalia. Ilikuwa mara ya kwanza katika miaka tisa kuulizwa hivyo.

Kilichotufikisha kwa daktari huyo ni malaria ya mwezi uliopita. Homa haikuwa kubwa, lakini akatapika, akaishiwa nguvu, akazimia jikoni. Sukari iko chini, chumvi ya damu iko chini, presha haisomeki vizuri. Mtu mwenye afya akipata homa, zile tezi za juu ya figo huongeza kotisoli, homoni inayoushikilia mwili wakati wa shida. Za kwake hazina wa kuziamuru. Wakampima kotisoli saa mbili asubuhi, wakati ambapo kwa kawaida huwa juu, wakaikuta kidogo mno. Kipimo cha MRI, ile picha ya ndani ya kichwa, kikaonyesha kile kishimo cha mfupa karibu kitupu.

Upande wa nyuma wa pituitari umesalimika, kwa kuwa una mshipa wake wa damu. Huko ndiko inakohifadhiwa homoni ya kuzuia maji ya mwili yasipotee ovyo kwenye mkojo, pamoja na oksitosini. Unaijua oksitosini: ndiyo ile sindano wanayochomwa wazazi mtoto akishatoka ili damu isimwagike. Mwili nao hujitengenezea ya kwake, huko juu kwa meneja. Mimi sikujua.

Daktari alinisimulia pia kwamba maagizo ya hipothalamasi ni machache mno katika damu, hata watu wakabishana kama yapo. Mwanasayansi Roger Guillemin na wenzake walikusanya bongo za kondoo kwa malaki ili wapate miligramu moja ya agizo linaloamsha TSH. Andrew Schally alifanya vivyo kwa nguruwe. Wakalijua umbo lake 1969, na 1977 wakapewa Nobel. Nilimtazama wifi kitandani nikawaza: kidogo kiasi hicho, na ndicho kilichomtenga na watu.

Dawa ameanza, na zina mpangilio wake. Kwanza kotisoli, yaani haidrokotisoni, na ikikosekana dukani anapewa prednisoloni. Baada ya hapo ndipo thairoksini. Ukitanguliza thairoksini unauamsha mwili wote ukiwa hauna kotisoli ya kuukimu, na mgonjwa anaweza kuanguka akafa. Dozi ya kotisoli haiachwi hata siku moja. Akipata homa anaongeza maradufu, akitapika anakwenda kuchomwa sindano. Funga ya Ramadhani mpaka azungumze na daktari. Nimeyaandika haya kwenye kadi, kaka kaibandika mlangoni, na nyingine iko kwenye pochi yake.

Wiki ya tatu sasa. Juzi alfajiri nilisikia mtu anafagia uwanja huku anaimba taarabu, nikadhani ni mtoto wa jirani. Nilipochungulia ni yeye. Sauti yake ilikuwa imekauka miaka yote, nami nilishaisahau. Mwanawe alisimama mlangoni na mswaki mdomoni anamtazama tu, maana hajawahi kumsikia mama yake akiimba.

Nimeshamwomba radhi, na kaka pia. Amesema kasamehe, lakini alikuuliza wewe. Anakumbuka ule uji, na anakumbuka ulivyomwambia mbele za watu kuwa mama asiyetaka kunyonyesha hana huruma. Najua hukukusudia ubaya. Namba yake ni ileile. Mpigie asubuhi, saa moja hivi, akishameza dawa.

Wako akupendaye,
Mama Tatu