Barua ya wazi kwa Makamu Mkuu wa Chuo: naomba insha yangu isomwe na mtu

Mheshimiwa Profesa,

Yah: swali nililokatishwa Alhamisi

Naandika hadharani kwa sababu faraghani nimeshaandika mara nne. Barua ya kwanza iligongwa muhuri, ya pili nikaambiwa iko mezani, ya tatu iko "kwa wahusika", ya nne hakuna anayeikumbuka. Ningeendelea kusubiri, maana kusubiri nimekuzoea, kama si yaliyotokea Alhamisi.

Siku hiyo ulifungua mhadhara wa tano wa maadili, siasa na teknolojia mpya. Nilikaa safu ya tatu. Mgeni wetu alizungumza vizuri, hilo silikatai. Alisimulia ya Uingereza mwaka 2020: mitihani ilifutwa kwa sababu ya korona, fomula ikaachiwa kupanga alama, na karibu asilimia 40 ya alama za A-level zikashuka chini ya makadirio ya walimu. Wanafunzi wakaingia barabarani. Matokeo yalitoka tarehe 13 Agosti, na tarehe 17 wakubwa wakasalimu amri, yakarudi makadirio ya walimu. Siku nne tu! Ukumbi mzima ulicheka. Nawe ulicheka, Profesa, nilikuona.

Kikaja kipindi cha maswali. Nilikuwa wa pili kwenye foleni. Nikaanza, "Na hii programu inayokagua insha zetu hapa chuoni..." Kipaza sauti kikakata. Mshereheshaji akasema muda umetutupa mkono. Kwa ratiba niliyokuwa nayo mkononi zilikuwa zimebaki dakika 20, nazo zilitumika kupigana picha na mgeni. Wenzangu wanasema fundi alikonyezwa. Huenda ni waya tu. Ila waya huo unajua kuchagua.

Basi swali nalimalizia hapa. Miezi mitano iliyopita niliwasilisha insha ya somo la maadili (ndiyo, la maadili), na wazo lake nililiokota kwenye mhadhara wako wa pili. Programu ikatoa hukumu kwamba sehemu kubwa imeandikwa na akili mnemba. Matokeo yangu yakazuiwa. Bila matokeo sikuweza kujisajili, na bila usajili nafasi ya mafunzo kwa vitendo niliyoihangaikia mwaka mzima ilikwenda kwa mwingine. Nyumbani nimeshindwa hata kueleza kosa lenyewe. Ukimwambia mzazi kwamba kompyuta imesema hukuandika ulichoandika, anakutazama, halafu anauliza, "Sasa nani aliandika?"

Mbele ya kamati nilipewa dakika tisa. Nilibeba rasimu sita, mbili za kalamu, zina mikwaruzo hadi pembezoni. Hakuna aliyezifungua. Mjumbe mmoja alinituliza kwa kuniambia programu haina chuki na mtu. Ni kweli, haina. Lakini mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walizipitishia programu saba za aina hii insha 91 za mtihani wa TOEFL, zilizoandikwa na watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza. Kwa wastani, zaidi ya asilimia 61 ya insha hizo za binadamu zilidaiwa ni za mashine. Sababu haina uchawi. Programu nyingi za namna hii hupima jinsi neno linalofuata linavyotabirika, likitabirika sana zinadhani ni la mashine, na sisi tuliojifunza lugha darasani tunaandika maneno ya kawaida katika sentensi zilizonyooka. Ndivyo mlivyotufundisha, na ndivyo mlivyotupa alama miaka yote!

OpenAI, wenye ChatGPT yao, walitoa chombo chao cha kutambua maandishi ya mashine Januari 2023. Kwa majaribio yao wenyewe kilikamata asilimia 26 tu ya maandishi hayo, na Julai mwaka huohuo wakakiondoa kwa kukosa usahihi. Mwenye mali kaikataa mali yake, sisi tunaing'ang'ania ya jirani.

Kwa nini? Nabahatisha. Wahadhiri wamelemewa, darasa letu peke yake limejaa hadi madirishani, na namba moja kwenye skrini inapunguza kazi. Au mkataba ulisainiwa mapema na sasa hakuna anayetaka kusema ulisainiwa kwa pupa. Mihadhara mitano tumejadili kamera za kutambua nyuso, droni za vita, magari yasiyo na dereva. Mitambo ya watu wa mbali tunaichambua mpaka mifupa. Wetu haujatajwa hata mara moja. Kuna methali ya nyani ambayo heshima kwako inanizuia kuimalizia.

Lakini nikukumbushe. Katika mhadhara wa kwanza uliyataja Mapendekezo ya UNESCO ya Novemba 2021 kuhusu maadili ya akili mnemba, kwamba wajibu wa mwisho ubaki kwa binadamu. Kisha ukaahidi kuwa hapa hakuna mwanafunzi atakayehukumiwa na mashine peke yake. Nimeyaandika kwenye daftari, na tarehe. Tulikupigia makofi. Yangu nayadai.

Nilipoanza barua hii nilikuwa na madai matatu: programu isitishwe, mkataba uwekwe wazi, na mhadhara wa sita uwe wa ofisi yako kujibu maswali yetu, kipaza sauti kikiwa hai. Bado nayataka. Lakini dirisha la usajili linafungwa mwisho wa mwezi huu, nami nimechoka, kwa hiyo leo naomba moja tu. Insha yangu isomwe na mtu. Awe mhadhiri yeyote, hata yule asiyenipenda. Aisome, aniite, aniulize chochote kilichomo. Nikishindwa kujibu, nifukuzeni.

Ina kurasa 12. Naiambatanisha kwa mara ya tano, pamoja na rasimu zake.

Wako mtiifu,
Mwanafunzi wa mwaka wa nne, kama bado nahesabiwa