Barua ya wazi kwa wazee wa ukoo: hiyo kamba irudisheni zizini

Wazee wenzangu, pamoja na nyie vijana mnaotumwa kutafuta kamba,

Salaam. Kijana aliyechafukwa na akili amefungwa kamba ya katani kwenye nguzo ya banda la mbuzi, siku ya nne sasa, na hatua 20 kutoka hapo kikao cha ukoo kimekaa kinajadili aitwe mganga yupi. Bila haya!

Nianze na kamba, maana ndiyo inayonikera. Mtu akivutana na katani inamchuna kifundo, mkono unavimba, na uvimbe wenyewe unaikaza zaidi. Damu haipiti vizuri, mishipa ya fahamu inabanwa. Saa chache zinatosha vidole kufa ganzi. Wapo waliorudiwa na akili wakabaki na mkono usioshika jembe, nanyi mkasema uchawi umehamia mkononi. Haukuhamia kitu, mkono mliufunga wenyewe.

Aliyechafukwa hatulizwi na watu kumi wanaopiga kelele. Waondoeni watoto na watazamaji. Panga, shoka na mchi vitoke. Abaki mmoja anayemwamini, asimame kwa ubavu, asimzibie mlango, aongee polepole. Msibishane naye juu ya sauti anazosikia. Ikibidi kumzuia njiani kwenda hospitali, tumieni kitenge kilichokunjwa kikabaki kipana. Vidole viwili vipite kati ya nguo na ngozi. Mtazameni mikono kila robo saa, mpeni maji. Msimlaze kifudifudi, msimkalie mgongoni: atakosa pumzi afie mikononi mwenu. Na hayo ni ya safari tu.

Jingine. Aliyekuwa mzima jana, leo anaropoka, huenda si kichaa hata kidogo. Akiwa na homa, zahanati wampime malaria: tone la damu ya kidoleni, majibu ndani ya dakika 20. Wampime na sukari. Mnywaji wa gongo aliyeacha ghafla anaweza kutetemeka na kuona wadudu ukutani siku ya pili au ya tatu. Huyo hospitali, upesi. Mama aliyejifungua juzi, hapati usingizi, anasema mtoto si wake: hospitali siku hiyohiyo, na asiachwe na mtoto peke yao.

Dawa nazo. Amitriptilini ya huzuni nzito huchukua wiki 2 hadi 4 kuonyesha kazi, nyie siku ya tano mmeshaitupa. Za kutuliza sauti anazosikia mgonjwa zinaweza kukaza shingo na kumtoa mtu udenda. Mnasema kalishwa sumu. Kipo kidonge cha kuondoa hali hiyo, rudini kliniki mkaseme. Ya kifafa haikatwi ghafla hata kama hajaanguka miezi sita, maana degedege linaweza kumrudia mfululizo lisikome.

Mganga simkatazi kuomba dua. Akisema vidonge viachwe, mgonjwa achapwe au anyimwe chakula, inukeni mwondoke naye.

Najua mnaogopa. Mtoto mliyemlea amekuwa mgeni ndani ya nyumba yake, na majirani wanamchungulia. Najua pia zahanati nyingi za vijijini huishiwa vidonge, na hilo lisemwe kwenye mkutano wa kijiji, mtendaji akiwepo. Lakini sisi wenyewe je? Mirembe ya Dodoma ni hospitali ya wagonjwa wa akili, tumeigeuza tusi. Sheria nayo haisaidii: kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania kinamhesabu aliyejaribu kujiua kuwa mkosaji, basi familia inaficha. Wenzetu Kenya, Januari 2025, Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu chao cha 226, cha kosa hilohilo, kinakiuka Katiba. Mkimwona mtu amekata tamaa, muulizeni waziwazi kama anawaza kujiua. Kuuliza hakumwingizii wazo hilo kichwani. Dawa za shamba zifungiwe, ufunguo akae nao mtu mwingine.

Kikao kijacho, daftari la michango likifunguliwa, mstari wa kwanza uandikwe nauli ya hospitali ya wilaya, watu watatu: mgonjwa na wawili wa kumsindikiza. Mmoja awe yule anayelala naye nyumba moja, kwa sababu daktari atauliza hapati usingizi tangu lini, anakula nini, anakunywa nini, na wajumbe wa kikao hawajui.