Kabla hujampakia Mama

Swahiba,

Salamu nyingi. Huku wote wazima, mdogo kapona kikohozi, mkubwa kang'oka jino na analionyesha kila anayebisha hodi. Ningekuandikia zamani, ila zamu ya kuandika ilikuwa yako na nilishaapa sianzi mimi. Shemeji ndiye kanivunjisha kiapo. Jana kaniambia mambo mawili kwa pumzi moja: pikipiki bado inakuzimikia kila ukitaka kuondoka, na Jumapili unampakia Mama. La kwanza nililicheka. La pili nimelala nalo.

Wiki tatu za kuendesha, bwana. Wiki tatu tu!

Sikukatishi tamaa. Nani asiyekumbuka nilivyoanza mimi? Jina la Babu Gia Mbili ulinipa wewe, kwa sababu niliogopa kuingiza ya tatu, injini inapiga kelele mpaka watu wanatoka nje kuangalia kuna nini. Kwa hiyo naandika kama mgonjwa aliyepona, si kama daktari.

Shemeji anasema unamlaumu aliyekuuzia, eti klachi mbovu. Si mbovu. Siku ile uliponiachia nizunguke nayo, klachi yake ilikuwa laini kuliko ya kwangu. Ubovu uko kwenye mkono wako wa kushoto, na mkono huo una haraka kama mwenyewe.

Hebu fikiria kinachotokea humo ndani. Kuna sahani zimepangwa moja juu ya moja, zimebanwa na springi, zinaogelea kwenye oili ya injini. Nusu zinazungushwa na injini, nusu ndizo zinazozungusha gia na mwisho wake tairi. Ukivuta klachi, sahani zinaachana. Ukiachia, zinaanza kugusana, zinatelezeana kwanza, halafu ndipo zinashikana. Sasa injini inazunguka zaidi ya mara 1,000 kwa dakika hata hujazungusha mshiko wa mafuta wa mkono wa kulia, na tairi limesimama kabisa. Wewe unawakutanisha hawa wawili kwa ghafla, unategemea nini? Ama tairi linaruka, ama injini inakufa. Ya kwako inakufa, shukuru.

Kuna mahali padogo, hapafiki upana wa kidole, ambapo klachi inaanza kushika. Unapajua kwa sikio kabla ya mkono: mlio wa injini unashuka kidogo, kisha pikipiki inajikaza kama mbuzi anayevuta kamba. Kutoka mwanzo mpaka hapo achia haraka upendavyo, hakuna atakayekuuliza. Ukifika hapo, simamisha vidole. Subiri itembee. Halafu ndipo umalizie. Wewe, kwa maelezo ya shemeji, unafika hapo na kuachia kama umeshika kaa la moto.

Fanya hivi. Tafuta uwanja mtupu, tambarare. Ingiza gia ya 1, na mkono wa kulia usiguse mafuta kabisa. Achia klachi polepole mpaka ianze kujivuta, itembee hatua mbili miguu yako ikifuata chini, vuta tena, simama. Rudia. Mimi nilifanya hivyo jioni nzima, watoto wamekaa ukutani wananihesabia kila inapozima. Kesho yake sikuweza kukunja vidole kushika kikombe, lakini mkono ulishajua. Ukisikia harufu ya kuungua, iache ipumzike. Mkono ukizoea, anza kuongeza mafuta: tia kidogo kwanza, yashike hapo hapo bila kuyumba, ndipo uachie klachi. Wengi wanaachia klachi, wanaona injini inataka kuzima, wanashtuka na kuvuta mafuta yote. Hapo ndipo mtu anapojikuta ndani ya maua ya jirani. Sitaji mtu.

Gia zenyewe si kazi. Kwenye yako, ya 1 iko chini, zinazobaki zote unapandisha, na frii, yaani pale ambapo hakuna gia iliyoingia, iko katikati ya 1 na 2, unaigusa kwa ncha ya kiatu, nusu hatua tu, mpaka taa ya kijani iwake. (Ukiazima ya mtu uliza kwanza, maana kuna ambazo gia zote unakanyaga upande mmoja.) Funga mafuta, vuta klachi, pandisha, achia. Mguu usiwe na aibu: pandisha mpaka pedali igome, kisha mguu utoke. Ukipandisha kivivu gia haiingii, unavuta mafuta, injini inalia na pikipiki haiendi. Halafu useme gia mbovu.

Nikumbuke na hili, ulilalamika kwamba ukiwa umesimama gia hukataa kuingia. Usiipige teke. Meno ya humo ndani yamegongana uso kwa uso. Achia klachi kidogo tu yazunguke, vuta, jaribu tena, itaingia. Na dawa hasa ni kupunguza gia wakati bado unatembea, ili tairi likisimama uwe tayari kwenye 1.

Kushusha gia ndiko kunakoniogopesha kwako. Kwa mwendo uleule, gia ndogo inaitaka injini izunguke kasi zaidi. Ukiachia klachi kwa pupa, tairi la nyuma ndilo linalolipa. Mimi nilitoka 4 mpaka 2 nikiingia kona yenye mchanga, nikaachia yote kwa mara moja. Tairi likatoa mlio mmoja mfupi, mkia ukatoka pembeni kama unataka kunipita. Sikuanguka, hata leo sijui kwa nini. Kwa hiyo: breki kwanza, mwendo upungue, shusha moja, achia taratibu, ndipo ushushe nyingine. Na mteremkoni usishuke umeishika klachi, unakuwa umeikataa injini isikusaidie kuzuia.

Kingine, ondoa vidole kwenye mkono wa klachi ukishamaliza kubadili. Nilikuwa na tabia ya kuvipumzisha pale, viwili tu, kwa madaha. Baada ya miezi kadhaa nikivuta mafuta injini inapanda, mwendo haupandi. Fundi wetu akafungua, akanipa sahani moja mkononi: nyeusi, inanuka kama kibiriti kilichozimwa. Akaniuliza nimeifanya nini, nikamwambia hata sijui. Angalia pia waya usiwe umekazwa sana. Mkono wa klachi ucheze kidogo kabla haujaanza kuvuta, kama milimita 10 hadi 20 kwenye ncha, kitabu cha pikipiki yako kitakwambia kamili. Na oili iwe ya pikipiki. Baadhi ya oili za magari zina vilainishi vinavyofanya sahani ziteleze.

Sasa turudi kwa Mama.

Ukipakia mtu, ile sehemu klachi inaposhika haihami, ila injini inahitaji mafuta zaidi kidogo na mkono uwe mpole zaidi. Kwenye mlima mguu wa kulia ubaki kwenye breki, achia klachi mpaka usikie mkia unashuka kidogo, ongeza mafuta, ndipo uachie breki. Wewe tambarare tu inakuzimikia. Ikizima mlimani na Mama nyuma, utaishika kwa nini?

Nakupa mtihani nilioupita mimi. Ukishaweza kuondoka mara ishirini bila kuzima, mpakie shemeji, si Mama. Kila ukibadili gia vibaya, kofia yake itagonga yako kisogoni: ko! Mara ya kwanza niliyompakia, tulipofika alishuka, akavua kofia, akasema neno moja tu: "Saba." Yule hana huruma, na ndiyo maana anafaa. Siku akishuka akakosa la kusema, nenda kamchukue Mama.

Jumapili hii mlete kwa basi, nauli juu yangu. Najua utasema nimekugeuza mtoto. Haya, nimekugeuza.

Unanijibu lini? Ulishajaribu ule uwanja nyuma ya shule au bado unajifunzia barabarani? Inazima ukiwa unaachia klachi au ukishaondoka, maana hayo ni mambo mawili? Mafuta unayatia kabla au baada? Mama ana kofia inayomkaa, au unataka kumvika ile yako ya zamani isiyofunga? Na yeye mwenyewe anajua kwamba inazimazima, au umemwambia tu umenunua pikipiki?

Mimi wako,
Babu Gia Mbili

Ukimwona shemeji usimwambie nimeandika. Atataka kuisoma, na mambo ya maua ya jirani yamo humo.