Taarifa ya Mwenyekiti: Mwaka wa Wanapunda Watatu

Ndugu wanachama,

Mwaka huu zizi la kikundi chetu la kuzalisha punda limepata wanapunda watatu, majike wawili na dume mmoja. Wapo walionisimamisha sokoni wakaniuliza kama ada zao zinaishia kwenye nyasi. Naomba tuhesabu pamoja. Punda jike hubeba mimba kwa takriban miezi 12, wakati mwingine zaidi. Huzaa mmoja, na huyo mmoja hafai kufungwa mkokoteni kabla ya kutimiza miaka mitatu au minne. Mwanapunda wa mwaka huu atakapoanza kuvuta pipa la maji, mtoto wako aliye gredi ya nne atakuwa amefika ya nane.

Ndiyo maana uchinjaji ulituumiza kiasi kile. Kuanzia 2016 vichinjio vya punda vilifunguliwa nchini, kimoja kikiwa hapa kwetu Naivasha, na ngozi zikaenda Uchina kuchemshwa zitoe ejiao, gundi inayouzwa kama dawa. Sensa ya 2009 ilihesabu punda zaidi ya milioni 1.8 Kenya, ya 2019 ikawapata kama milioni 1.2. Sisi tulijua kabla ya sensa, maana tuliamka tukakuta kamba zimekatwa na punda hawapo. Serikali ilipiga marufuku 2020, Mahakama Kuu ikaitengua 2021, na Februari 2024 viongozi wa Umoja wa Afrika wakakubaliana Addis Ababa kuzuia uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi kwa miaka 15. Nilishukuru siku hiyo na bado nashukuru. Lakini waliokwisha hawarudishwi na azimio, na kijana anayeanza kazi ya maji leo bado hana uwezo wa kununua punda mzuri. Akiba yetu ni majike wanane waliomo zizini.

Walikuwa tisa. Mwezi wa saba yule wa kijivu mwenye sikio lililopasuka alikanyaga msumari. Tundu lilikuwa dogo, hata damu haikuonekana, akaendelea kula. Siku kama kumi baadaye mtunzaji wetu alinipigia alfajiri. Nilimkuta jike huyo amesimama miguu imetanuka kama meza, mkia umeinuka, ngozi ya ndani ya jicho imefunika nusu ya mboni. Alikuwa na kiu, akaweka mdomo kwenye karai, maji yakamshinda kumeza. Pepopunda. Tunalitaja jina hilo kila siku kliniki za wajawazito, tunasahau limetoka kwa nani. Daktari wa mifugo alifanya alichoweza. Siku ya tatu akafa, na mimba ya miezi minane tumboni. Chanjo tulikuwa tumeiahirisha ili tulipe kodi ya shamba. Uamuzi huo niliutia sahihi mimi, na nawaomba radhi.

Hesabu atazisoma mweka hazina. Kodi imelipwa, deni la nyasi limebaki kidogo.

Yapo mawili ninayotaka myaamue leo. La kwanza ni dume. Amefanya kazi nzuri, ni mpole, na wanawe wana miguu imara. Ila majike wawili waliozaliwa ni binti zake. Kabla hawajafikia umri wa kupandishwa lazima tubadilishane dume na kikundi cha mbali, la sivyo tutaanza kuzalisha ndugu kwa ndugu katika zizi dogo hivi, na udhaifu utajitokeza. Kamati imeanza mazungumzo. Inahitaji idhini yenu.

La pili litawagusa mfukoni. Majike watatu wenu, walio majumbani, wana mimba zilizopandishwa kwenye zizi letu. Mmoja nilimwona juzi kwenye mlima wa Karagita na mapipa yaliyojaa, amelowa jasho, mwenye naye akisukuma nyuma. Sikumkemea, kwa sababu najua pipa lile ndilo ugali wa jioni. Kamati inapendekeza kwamba jike apumzishwe miezi mitatu ya mwisho ya mimba, na mwenye naye aazimwe mmoja wa punda wetu wawili waliohasiwa bila malipo.

Mtunzaji wetu hajakosa usiku hata mmoja mwaka huu. Asante sana, mzee wetu.

Chanjo ya pepopunda ni Jumamosi ijayo, saa mbili asubuhi, zizini. Leteni punda wote, wakiwemo wa majirani wasio wanachama, na waje bila mikokoteni.